Orodha ya Fundi Mwinshehe

Ameiandika nyuma ya boksi la plagi,
kwa kalamu inayokata wino kila penye tarakimu,
nami nimesimama Tabata chini ya bati la moto,
mkoba kwapani, sare ya zahanati bado mwilini.
Oili na filta. Pedi za mbele. Plagi nne.
Kusafisha injekta. Kumwaga oili yote ya gia boksi.
Bushi ya kushoto. Kulanti. Alaimenti.
Chini kabisa amepiga mstari mara mbili:
laki tano na elfu themanini.
"Lakini kwako wewe, mama, laki tano tu."

Raum yangu iko juu ya jeki, guu moja hewani,
kama mgonjwa aliyeambiwa avue, asijue kwa nini.

"Usipoziba ufa," anaanza,
namwachia ajimalizie ukuta.
Methali hiyo imeshajengea mafundi nyumba nyingi.
Si kila mstari ukutani ni ufa, Mwinshehe.
Mwingine ni njia ya mchwa,
mwingine kivuli cha waya wa umeme.

Naijua orodha. Nimeziandika mwenyewe
miaka kumi na tisa, dirisha la pili:
damu, mkojo, choo, picha ya kifua,
na mtu aliyekuja na mafua
anarudi nyumbani kuuza kuku.
Vipimo vingine vilikuwa vya lazima. Vingine,
Mungu anisamehe, vilikuwa vya mwisho wa mwezi.

"Nionyeshe," nasema.

Anachomoa pedi. Imebaki unene wa ukucha,
chuma kinakaribia kula chuma. Nalipa.
Anachomoa kijiti cha oili, nyeusi tii, inanuka kuungua.
Nalipa.
Plagi zina midomo safi. Zirudishe.
Na injekta?
"Hiyo haionekani kwa macho, mama. Ni kitu cha ndani."
Cha ndani. Kama husuda.
Gari linawaka kwa mara moja, halitoi moshi,
linapanda Kimara bila kunung'unika.
Nafuta injekta.

Kijana wake, Chande, ndiye ameshika tochi.
Neno moja likitajwa, mwanga unatulia palepale.
Likitajwa jingine, tochi inahamia kwenye tairi,
kwenye ukuta, kwenye paka.
Sijui kama ananiambia kitu
au mkono umemchoka.
Naufuata mwanga. Nafuta alaimenti,
nafuta kulanti niliyotia mwezi wa nne.

Shemeji yangu Nasoro hukataa kila kitu.
Gari lake liko juu ya matofali mwaka wa tatu,
kuku wanataga kwenye buti.
Dada yangu Asteria hukubali kila kitu.
Fundi wake amehamia kwake, Chanika, nyumba ya vyumba vinne.

Gia boksi ndiyo inayonitoa jasho.
Kilomita laki moja na arobaini,
na za Japani nisizozijua,
maana namba hurudishwa nyuma kama umri wa bibi harusi.
"Tukiimwaga yote inaweza kugoma,"
anasema Mwinshehe, sauti imeshuka,
"na tusipoimwaga inaweza kugoma."
Ndiyo mara ya kwanza leo namwamini.
Tunakubaliana: lita tatu zitoke, lita tatu ziingie,
kama unavyobadilisha maji ya mtungi bila kuamsha tope.

Laki mbili na elfu tano, ufundi ndani yake.
Chande namwekea elfu mbili mkononi,
sisemi ni za nini. Naye haulizi.

Jioni, Buguruni, mvua. Bajaji inanikatia mbele,
nyuma yake imebeba magodoro na mtoto juu yake.
Nakanyaga. Gari linasimama.
Mtoto ananipungia mkono.
Hakikutokea kitu,
na hicho ndicho nilichonunua; risiti yake hakuna.

Kushoto, bushi inalia kila nikipita shimo.
Sikuifuta. Nimeiandika kwenye daftari,
mwezi wa tisa, mshahara ukitoka.
Kwi, inasema.
Najua, naijibu.
Kwi.
Najua.